Radiogramu Haina Ubovu

Jumatatu, 7 Machi 1983
Zamu ya asubuhi. Mashine kumi na nne za kufumia zimesimama, hakuna vipuri. Zilizobaki zilipiga kelele za kutosha kwa zote. Nimerudi saa tisa na nusu. Nimeoga, nimekula muhogo kwa dagaa. Kisha radiogramu.

Hii ndiyo saa yangu. Nawasha, nangoja. Redio za transista hulia papo hapo, kama mtu anayeingia bila hodi. Hii yangu inataka dakika nzima. Taa tano ndani ya sanduku zinashika moto polepole. Jicho la kijani pale mbele linafumbuka. Harufu ya mbao na vumbi la moto inatoka. Halafu mlio, mnene, unajaza chumba mpaka kwenye boriti. Niliinunua mwaka wa uhuru kwa karani mmoja Mgoa aliyekuwa anafunga mizigo. Tangu siku hiyo sijatamani redio ya mtu.

Leo nimeweka santuri ya rumba. Gitaa la solo limefifia, kama linapigwa chumba cha pili. Nikaongeza sauti. Nikaongeza tena. Besi ipo, ngoma zipo, gitaa hakuna. Taa zimechoka hizi. Sipendi.

Alhamisi, 10 Machi
Bi Mwanaidi, mwenye nyumba, kaja mlangoni kulalamika. Eti santuri inasikika mpaka sokoni. Nikamweleza: taa zikichoka lazima sauti ipandishwe. Hakutaka kuelewa.

Nimepiga taarabu. Maneno hayashikiki. Yule mama nilikuwa namfuata neno kwa neno, leo anaimba kama ana wali mdomoni.

Mke wangu, Mama Rehema, naye ana tabia mpya, anasemea puani. Nimemwambia fungua mdomo. Akaniangalia tu.

Jumamosi, 12 Machi
Nimefungua skrubu, nimetoa mashine na spika, nimezifunga kwenye blanketi na kuzipeleka kwa Fundi Kanti, nyumba ya nne kutoka hapa. Chumba chake ni chembamba kama ujia. Kila ukuta redio za watu. Ni Baniani, kazaliwa hapa hapa mjini, analala Upanga na mkewe, lakini maisha yake yote yako juu ya kiti kile. Miaka kumi na minane hakuna mkono mwingine uliogusa radiogramu yangu.

Alizipima taa moja moja. Mbili zimechoka, akasema. Akainama chini ya meza, akatoa mkebe wa biskuti. Umejaa taa, kila moja imefungwa gazeti. Huzitoa kwenye redio zilizokufa, maana madukani hazipatikani tena. Iko mikebe mitatu. Nimefurahi kuiona. Nimeacha mashine kwake.

Jumanne, 15 Machi
Nimeichukua. Kanti aliijaribu mbele yangu, akawa anatabasamu na kutikisa kichwa kufuata muziki. Mtaani kulikuwa na kelele, sikuweza kupima vizuri.

Nyumbani nimeifunga kwenye sanduku lake. Nimewasha. Nimengoja. Ni ile ile. Pengine mbaya zaidi. Mama Rehema anasema inalia vizuri kuliko zamani. Anataka niridhike nilale. Nina hasira.

Jumatano, 16 Machi
Nimerudi kwa Kanti na blanketi langu. Alifungua, akapima zote tano, akaweka santuri yake mwenyewe, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akazima, akanigeukia.

"Bwana Saidi, radiogramu haina ubovu. Nenda kapime masikio."

Nilifunga blanketi bila kuaga. Nimemtembelea miaka kumi na minane, leo ananifanya mzee. Mimi ni msimamizi wa zamu. Naijua mashine mbovu kwa mlio wake kabla ya fundi kufika.

Jumatano, 23 Machi
Siku saba sijawasha. Chumba kinaniudhi.

Kazini nimemweleza Mponda wa zamu yangu. Akasema jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: taa zangu zilikuwa nzima. Za Kijerumani, asili. Kanti kazitoa, kaniwekea makapi, zangu atauza. "Hao ndio zao," akasema Mponda.

Nimelichukua neno hilo nyumbani. Kadiri nilivyolifikiri ndivyo lilivyokuwa kweli. Ndiyo maana akakimbilia kusema masikio.

Alasiri nimekwenda kwa Balozi Kondo, balozi wetu wa nyumba kumi, kushitaki. Kesi Jumapili.

Jumapili, 27 Machi
Baraza kwa balozi. Watu wengi kuliko nilivyotaka. Tangu juzi mji mzima ni msako wa walanguzi. Maduka yanapekuliwa, sabuni na vitenge vinatolewa uvunguni. Kila mtu anatamani naye amuone mmoja kwa macho yake.

Kanti alikuja na shati safi. Alileta taa mbili zimefungwa gazeti, juu yake jina langu kwa penseli. Akasema hizo ndizo zangu za zamani, kila kitu cha mteja humwekea. Balozi akanionyesha. Nikasema si zangu. Nilisema hivyo kabla ya kuziangalia vizuri.

Balozi akamuuliza kama anazo nyingine. Akasema anazo chache, za kutengenezea redio za watu.

"Si chache," nikasema. "Mikebe mitatu. Kaificha chini ya meza."

Neno hilo ndilo lililowasha baraza. Watu wakasimama. Mmoja nyuma alisema jambo, wote wakacheka. Sikulisikia. Kanti hakusema kitu tena. Alinitazama tu, si kwa chuki. Sikupenda alivyonitazama.

Balozi kaandika karatasi. Nimetia sahihi.

Jumanne, 29 Machi
Wamemchukua Kanti.

Nilikuwa kazini. Mama Rehema aliona kila kitu. Walikuja wanaume watano na mgambo wawili. Wakatoa mikebe, waya, koili, hata redio za wateja. Mlango umetiwa kufuli na karatasi yenye muhuri. Yeye mwenyewe alipandishwa nyuma ya gari, kashika miwani yake mkononi.

Watu wawili wamenipa mkono njiani. Nilijisikia vizuri mpaka wakati wa kula. Mama Rehema aliweka sahani moja, akaenda kukaa uani.

Ijumaa, 1 Aprili
Nimewasha. Sijui nilitegemea nini. Mwizi kushikwa hakutengenezi redio.

Ni ile ile.

Jumatano, 6 Aprili
Nimeponea chupuchupu. Uwanjani kiwandani, mvua imetoka kukatika. Niliinama kufunga kamba ya kiatu. Lori la pamba lilikuwa linarudi nyuma. Nimeambiwa dereva alipiga honi mara tatu, nimeambiwa watu walipiga kelele. Nilichojua mimi ni kusukumwa bega na kuanguka kwenye matope. Mponda alinivuta mguu. Gurudumu lilipita pale kilipokuwa kichwa changu.

Bega limevimba, mfupa mzima. Mganga wa zahanati ya kiwanda hakujali bega. Alisimama nyuma yangu, kisha akaja mbele. Akasema ameniita jina mara nne. Kaniandikia barua ya hospitali kubwa.

Nimemwambia nilikuwa na mawazo.

Jumatatu, 11 Aprili
Hospitali. Chumba kidogo kisicho na dirisha. Daktari kijana, mpole. Alinivika visikizio viwili na kunipa kitufe cha kubonyeza kila nikisikia mlio. Nikakaa tayari. Nikangoja. Baada ya muda nikamuuliza mashine ataiwasha saa ngapi.

Akasema imewaka muda mrefu.

Alinionyesha karatasi. Mstari unatembea sawa, kisha unaporomoka kama mtu aliyekosa ngazi. Sauti nene nazisikia. Nyembamba zimekufa, masikio yote mawili. Akauliza kazi yangu. Nikasema kiwanda cha nguo, chumba cha kufumia, miaka ishirini na mmoja. Akaacha kuandika.

Akauliza kule ndani tunaongeaje. Nikasema kwa mikono, na kwa kutazamana midomo. Akasema ndiyo maana sikugundua. Watu wakinitazama usoni naona wanachosema. Wakigeuka, wamenyamaza. Hakuna dawa. Nisikae tena kwenye kelele ile. Karatasi niipeleke kiwandani.

Niliteremka ngazi, nikakaa kwenye ukuta nje ya lango. Gitaa la solo halikupotea. Liko pale pale kwenye santuri, na Bi Mwanaidi anayelichukia analisikia.

Jioni nimemweleza Mama Rehema. Kumbe anajua. Anasema tangu Ramadhani ya mwaka juzi. Ndiye aliyekuwa akimwomba Bi Mwanaidi avumilie. Nikamuuliza mbona hukuniambia. Akasema alinieleza mara mbili, mara zote mbili nikamjibu habari nyingine, akaona aibu kupiga kelele nyumba nzima isikie.

Kisha akanishika kidevu, akanigeuza nimtazame.

"Kuna mtu yuko ndani kwa ajili ya masikio yako, Baba Rehema."

Alhamisi, 14 Aprili
Karatasi ya hospitali nimeitia ndani ya jalada la santuri. Sijaipeleka popote.

Nafikiri hivi. Nikimtetea Kanti kwa maneno matupu, hakuna atakayenisikiliza, watasema kanihonga. Ushahidi ni karatasi. Lakini karatasi ikifika polisi na kwa balozi, kesho itafika kiwandani. Msimamizi kiziwi ni wa nini? Nina miaka arobaini na tisa. Nyumbani kwetu Kilwa nimeacha shamba la ndugu, si langu.

Nimekaa na mawazo haya siku tatu. Kanti naye yuko huko siku tatu hizo hizo. Mimi ni mwoga. Naandika nilione neno hilo.

Jumamosi, 16 Aprili
Nimekwenda Upanga. Nilitaka kusema nilikuwa napita, lakini hakuna anayepita ngazi ya orofa ya tatu.

Mke wa Kanti alinifungulia mwenyewe. Mama mfupi, nywele zote nyeupe. Alinijua. Aliniweka sebuleni, akaleta maji kwenye bilauri ya chuma. Sikuweza kuyanywa. Nikamweleza yote, hospitali na karatasi.

Hakushtuka. Akasema mumewe alimwambia siku ile ile niliporudi na blanketi: huyu si mwongo, huyu hasikii.

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema barazani. Ilibidi arudie, maana alikuwa anatazama dirishani. Aligeuka.

"Alisema pale pana watu wa kiwandani. Akisema wewe kiziwi, watakufukuza kazi. Alidhani balozi atamkaripia tu, yaishe."

 Anampelekea mumewe chakula kila siku mchana, kwa miguu, mvua hii. Akanionyesha viatu vyake pale mlangoni, vimelowa. Hakuvionyesha kwa kulaumu. Aliniomba tu nisikanyage hapo, sakafu inateleza.

Jumatatu, 18 Aprili
Sikwenda kazini.

Kwanza kwa Balozi Kondo. Alisoma karatasi ya hospitali juu chini. Akasema karatasi aliyoandika yeye imeshapanda juu, si mali yake tena. Akanishauri ninyamaze. Kwa wakati huu, akasema, anayemtetea mlanguzi huitwa mlanguzi. Nikamwambia nitakwenda, na kwamba nitasema hata yeye nimemweleza. Hilo lilimuinua. Akavaa kofia, tukaenda pamoja mpaka kituoni, yeye mbele yangu hatua kumi.

Askari wa mapokezi akaniita mara mbili, balozi akanigusa. Mkubwa wao alisikiliza. Akaniuliza kama najua kumsingizia mtu ni kosa. Nikasema najua. Akauliza kama najua naweza kulala hapo. Nikasema najua. 

Nimeandika maelezo kurasa mbili kwa mkono wangu. Taa zile mbili kwenye gazeti zilikuwa zangu. Mikebe haikufichwa, nilionyeshwa kama kila mteja. Aliniambia ukweli nami nikauita wizi. Mkubwa akaambatanisha karatasi ya hospitali kwa pini. Nikaiona ikiingia kwenye faili.

Nilikalishwa mpaka magharibi, kisha nikaambiwa niende. Kanti hawakumtoa. Hawakuniambia lini.

Jumatano, 20 Aprili
Kiwandani wanajua. Nilidhani itachukua wiki.

Jumatatu, 25 Aprili
Bado. Mvua. Kila siku saa sita najua mama yule yuko njiani na chakula. Sijawasha radiogramu.

Mponda anasema nimejiharibia bure. Nimemjibu alinipa neno baya nami nikalipokea vizuri, kosa ni letu sote. Amenuna. Sawa.

Jumamosi, 30 Aprili
Kanti katoka. Mama Rehema kasikia sokoni. Redio za wateja zimerudi karibu zote. Mikebe mitatu ilichukuliwa, umerudi mmoja, nusu taa zimevunjika. Taa kama zile hazitengenezwi tena. Ile ndiyo ilikuwa akiba ya redio za zamani mtaa mzima.

Jumapili, 1 Mei
Maandamano asubuhi. Sikwenda. Alasiri niliomba baraza, balozi akakubali kwa shingo upande.

Waliokuwepo siku ile wengi walikuwepo leo. Kanti hakuja, sikumtegemea. Nikasimama nikasema: mimi ni kiziwi nusu. Sikujua. Fundi aliniambia, nikamwita mwizi mbele yenu. Kaeni mkijua si mwizi na si mlanguzi. Taa za mikebe ile zilikuwa za kuponya redio zenu wenyewe.

Nikaona midomo miwili mitatu inasema kiziwi. Hilo neno nitalisoma mara nyingi, kwa hiyo nianze kulizoea. Mzee mmoja muuza nazi akauliza kama fundi atafungua tena, ana redio yake pale. Watu wakaanza kuulizana za kwao. Basi baraza likaisha hivyo, kwa habari za redio.

Jumanne, 3 Mei
Barua. Nimehamishiwa bohari ya nyuzi kuanzia leo. Cheo hakuna. Nilitegemea kufukuzwa kabisa. Bohari kimya. Siku nzima masikio yalikuwa yanavuma yenyewe, kama mashine zimenifuata.

Jioni Mama Rehema kawasha radiogramu bila kuniuliza. Kaweka sauti anavyotaka yeye. Kwangu ilikuwa besi na tumba, na kitu kama upepo juu yake. Nilikasirika. Baadaye nikavuta kiti mpaka karibu kabisa na kitambaa cha spika. Besi inatembea vizuri. Miaka yote nilikuwa nafuata solo, sijawahi kumsikiliza yule mpiga besi. Hakosei mtu yule. Nilimfuata upande mzima wa santuri, kisha nikageuza upande wa pili.

Si kama zamani. Siandiki kujifariji. Lakini nilikaa mpaka ikaisha.

Jumamosi, 7 Mei
Kufuli limeondolewa. Kanti kafungua.

Nilizunguka mtaa mara mbili kabla ya kuingia. Kakonda. Kuta zimebaki na alama nyeupe pale redio zilipokuwa zimepangwa. Alikuwa anachomelea waya kwenye redio ya muuza nazi. Hakuinua kichwa.

Nikasimama mbele ya meza. Nikasema niliyokuja kusema. Hayakuwa mengi: nimekukosea, nimekupotezea mali ambayo siwezi kuirudisha, nisamehe. Sauti yangu sikujua ilikuwa kubwa au ndogo.

Moshi wa risasi ya kuchomelea ulipanda. Akaendelea na waya wake. Nikaona taya lake linacheza, anasema kitu, lakini uso umeinamia kazi. Sikushika hata neno moja. Huenda alikuwa ananifukuza. Huenda ananitukana, ana haki. Nikabaki nimesimama kama mjinga, siwezi kuondoka, siwezi kujibu.

Basi akagundua. Akaweka chini chuma cha kuchomelea. Akavua miwani, akainua uso kwenye mwanga wa mlangoni, akasema upya, taratibu, midomo wazi:

"Nimesema kaa. Nimalize hii kwanza."

Nikakaa.